Je, Hofu Iliyo Mwilini ni Upungufu wa Imani?

Katika makanisa yetu yako maneno ambayo husemwa kwa nia njema, lakini humwacha mtu na mzigo mzito kuliko ule aliokuja nao. Mshiriki anasimama wakati wa maombi na kusema kwamba kwa majuma kadhaa halali usiku, moyo unamwenda mbio, chakula hakipiti. Baada ya ibada anazungukwa na ndugu wanaompenda, na mmoja wao anamwambia kwamba mwenye imani haogopi, kwa maana tumeagizwa tusijisumbue kwa neno lo lote. Agizo hilo ni la kweli, nalo liko katika Wafilipi 4:6. Lakini mshiriki yule anarudi nyumbani na mambo mawili ya kumkosesha usingizi badala ya moja: lile alilokuja nalo, na sasa pia shaka kwamba kuogopa kwenyewe ni dhambi.

Swali hili si geni, ila mara nyingi huulizwa kwa kunong'ona. Je, mtu anawajibika mbele za Mungu kwa yale yanayofanywa na tezi na neva zake? Wako wanaojibu upesi kwamba ndiyo: hofu hutoka moyoni, na moyo tumeamriwa kuulinda. Wako pia, hasa vijana wetu waliosoma sayansi, wanaojibu upesi kwamba hapana: yote ni kemikali, na kemikali haiwezi kutubu. Majibu haya mawili yanafanana kwa haraka yake. Kabla ya kuchagua, tuutazame kwanza mwili wenyewe. Yeye aliyeuumba kwa namna ya ajabu (Zaburi 139:14) hakutukataza kuuchunguza.

Mtu anapita njiani jioni, giza limeanza kuingia, na kitu kinajitikisa majanini karibu na mguu wake. Anaruka kabla hajajua kama ni nyoka au ni kipande cha kamba. Ni nini kilichomrusha? Ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, imo sehemu ndogo inayofanana na kokwa ya lozi, iitwayo amigdala. Kazi yake mojawapo ni kupokea dalili za hatari na kupiga kengele, nayo huipiga kabla ile sehemu ya mbele ya ubongo, tunayoitumia kupima mambo, haijamaliza kutazama vizuri. Habari inashuka kwa neva hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, ziitwazo tezi za adrenali. Tezi hizi humwaga adrenalini katika damu. Ndani ya sekunde chache moyo unapiga kwa nguvu, njia za hewa mapafuni zinapanuka, ini linatoa sukari lililokuwa limeiweka akiba, mboni za macho zinafunguka, na damu nyingi inapelekwa kwenye misuli ya miguu na mikono.

Tumbo nalo linaachwa lisubiri. Walter Cannon, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliliona hilo mwishoni mwa karne ya 19 alipokuwa akitazama kwa eksirei jinsi chakula kinavyosukumwa tumboni mwa paka. Paka alipotulia, tumbo lilifanya kazi yake. Alipoogopa au kukasirishwa, misukumo ile ilikoma. Kwa hiyo mfiwa anayesema kwamba ugali haushuki hasemi kwa mfano tu. Mate yamekauka kweli na tumbo limesimama kweli.

Nyuma ya adrenalini huja wimbi la pili, la polepole zaidi. Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi hutuma homoni kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake; pituitari hutuma homoni nyingine kwa njia ya damu hadi kwenye tezi za adrenali; nazo hutoa kotisoli. Safari hii huchukua dakika, si sekunde, na kotisoli hufikia kilele chake katika damu kama dakika 20 au 30 tangu jambo lilipoanza. Wengi wetu tumeisikia kotisoli ikitajwa kama sumu. Si sumu. Kila alfajiri hupanda ili kutuandaa kuamka, na usiku wa manane hushuka. Wakati wa hatari huhakikisha kwamba sukari ipo ya kutosha, na huahirisha kazi zinazoweza kungoja, kama ukuaji, uzazi na sehemu ya kinga ya mwili. Tena, inapofika ubongoni, kotisoli hiyo hiyo huziambia hipothalamasi na pituitari zipunguze mwendo. Mwili umepewa kengele, na ndani ya kengele yenyewe pamewekwa namna ya kuinyamazisha.

Taabu huanza hatari inapokuwa haiishi: deni lisilolipika, mume anayerudi amelewa kila Ijumaa, mwajiri ambaye leo anacheka na kesho anafukuza. Hapo kengele hulia mwezi baada ya mwezi. Usingizi hukatika, na usingizi ukikatika kotisoli ya jioni huelekea kubaki juu, kwa hiyo kila kimoja hukilisha kingine. Shinikizo la damu hupanda, vidonda huchelewa kupona, na kumbukumbu hupungua.

Na neva huzungumzaje zenyewe kwa zenyewe? Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wengi walidhani ni kwa umeme peke yake. Mwaka 1921, katika mji wa Graz nchini Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, akaiweka katika maji ya chumvi ikiendelea kupiga. Mmoja aliuacha ukiwa na neva yake iitwayo vagasi. Alipoichochea neva ile, moyo ule ulipunguza mwendo. Kisha akachukua yale maji yaliyouzunguka moyo wa kwanza na kuyamimina kwenye moyo wa pili, ambao haukuguswa na neva yo yote. Nao ukapunguza mwendo. Kilichobeba ujumbe kilikuwa ndani ya maji: kemikali, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa asetilikolini. Loewi alisimulia kwamba wazo la jaribio hilo lilimjia usingizini. Usiku wa kwanza aliliandika kwenye karatasi, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake mwenyewe, hata lilipomrudia usiku uliofuata akaondoka saa ile ile kwenda maabara. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Leo tunajua wajumbe wengi wa namna hiyo: noradrenalini ya kuamsha, gaba ya kutuliza, dopamini, serotonini, na wengine. Kila mmoja huvuka mwanya kati ya seli na seli, mwembamba kiasi kwamba hadubini ya kawaida haiwezi kuuonyesha.

Neva ya vagasi iliyokuwa kwenye moyo wa chura imo ndani yetu pia. Hushuka kutoka chini ya ubongo hadi moyoni na tumboni, nayo ndiyo breki ya mwili. Tunapotoa pumzi polepole hufanya kazi zaidi, na moyo hutulia kidogo. Anayeimba wimbo wa taratibu hutoa pumzi ndefu mstari baada ya mstari. Hatudai kwamba Paulo na Sila waliimba gerezani (Matendo 16:25) kwa ajili ya neva zao. Lakini haidhuru kujua kwamba Aliyewapa wimbo ndiye pia aliyewapa neva.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtu aliyeruka kwa sababu ya kamba majanini hakuna awezaye kumshitaki. Mapenzi yake hayakuulizwa. Kama hilo ni kweli kwa sekunde moja ya hofu, je, hofu ikikaa saa nzima au usiku mzima inageuka kuwa dhambi kwa sababu tu ya urefu wake?

Soma Marko 14:32-36. Marko hafichi kitu. Yesu anafadhaika sana na kuhuzunika, na anawaambia wenzake kwamba huzuni ya nafsi yake ni ya kufisha. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu (Wakolosai 4:14), ndiye peke yake anayeandika juu ya jasho lililodondoka chini (Luka 22:44). Kutoka jasho wakati wa hofu ni kazi ya neva zile zile zinazoharakisha moyo. Basi hapa tunaye Mwokozi ambaye Waebrania 4:15 inasema hakufanya dhambi, naye yuko chini ya mizeituni akiwa na mwili unaotetemeka kama wa mtu ye yote aliye mbele ya kifo. Kama kengele ya mwili ni upungufu wa imani, itatulazimu kusema hivyo juu ya Getsemane, na hakuna kati yetu atakayethubutu. Imani ya Yesu ilionekana katika lile aliloliomba wakati kengele ikilia, na katika kuamka kwake kutoka pale na kwenda.

Mwandishi wa Zaburi 56 alilijua jambo hili. Katika fungu la 3 anaweka hofu yake na tumaini lake katika siku moja. Hasemi kwamba atamtumaini Mungu hofu itakapokwisha.

Hata hivyo wale wanaosema kwamba kemikali haiwezi kutubu wasifurahi mapema. Nusu ya adrenalini iliyomwagwa katika damu huondolewa kwa muda wa dakika mbili au tatu. Kotisoli hukaa zaidi, lakini nusu yake nayo huondoka kwa kama saa moja au saa moja na nusu. Tuseme baba amekasirishwa kazini, na jioni anampiga mtoto kwa kosa la kumwaga maji, kisha anajitetea kwamba hasira zilimpanda. Ni kweli zilimpanda. Lakini adrenalini hiyo hiyo ilimpanda saa nne asubuhi mbele ya mkubwa wake wa kazi, na hapo alikaa kimya, mikono nyuma, akajibu kwa adabu. Homoni haikumchagulia nani wa kumpiga. Haikutoka nje kutafuta fimbo. Joto la dakika zile za kwanza mwili unaweza kulieleza. Njia ambayo joto lile lilielekezwa ni habari ya mtu mwenyewe, naye ataulizwa juu yake.

Liko pia jambo la kulirudia jambo. Punda milia akimponyoka simba, baada ya muda mfupi anarudi kula majani. Sisi twaweza kumwita simba kitandani saa nane ya usiku kwa kuwaza tu, na tezi za adrenali haziwezi kupambanua simba wa mawazo na simba wa porini. Humwaga zile zile. Twaweza kulisema upya moyoni neno alilotuambia shemeji miaka sita iliyopita, na moyo ukapiga kama limesemwa sasa hivi. Tazama jinsi Yesu alivyoliweka agizo lake katika Mathayo 6:34. Hazungumzi juu ya mshituko wa leo. Anazungumza juu ya kesho, yaani juu ya hatari ambayo bado haipo isipokuwa tumeileta sisi. Hapo ndipo mapenzi ya mtu yanapopata nafasi ya kufanya kazi, ingawa si nafasi kubwa kama wahubiri wengine wanavyodhani.

Kwa nini si kubwa? Kwa sababu kwa watu wengine kule kurudia kumekuwa ugonjwa. Wapo wenye sonona, na wapo wenye wasiwasi uliokithiri, ambao akili yao inazunguka bila ruhusa yao kama vile mguu wenye kiharusi usivyotii. Dawa nyingi wanazopewa huzuia seli za neva zisiinyonye tena serotonini upesi, ili ikae zaidi kwenye ule mwanya. Nafuu huchukua majuma kadhaa kuonekana, na hilo lenyewe latuonyesha kwamba mambo ni mengi kuliko yale masimulizi mepesi ya kupungukiwa serotonini. Hatumwambii mgonjwa wa kisukari kwamba sindano yake ya insulini ni ushahidi dhidi ya imani yake. Kwa kipimo hicho hicho, anayemeza kidonge cha sonona asifichwe wala asishinikizwe aache, na asiache ghafla bila kusema na daktari wake. Ellen White alitenga sura nzima ya kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji kwa ajili ya uhusiano wa akili na mwili. Kanisa lililosoma sura ile lisingepaswa kushangaa kwamba akili nayo huugua.

Mpaka hapa tumeuliza habari za yule anayeogopa: ana hatia au hana? Lakini Biblia inatuonyesha upande mwingine wa swali, nao ndio ambao madarasa yetu huupita haraka mno.

Soma Kutoka 6:6-11. Musa amewaletea Waisraeli habari njema kuliko zote walizopata kusikia: Mungu atawatoa, atawakomboa, atawafanya kuwa watu wake, atawapa nchi. Nao hawakumsikiliza. Fungu la 9 linatoa sababu, na sababu hiyo si ukaidi wala ibada ya sanamu. Ni uchungu wa moyo na utumwa mgumu. Ukirudi nyuma sura moja utauona utumwa huo ulivyokuwa umezidishwa siku zile zile: hesabu ya matofali haikupunguzwa hata moja, majani wakayatafute wenyewe, na wasimamizi wao wakapigwa kwa sababu kazi haikutimia (Kutoka 5:7-14). Wataalamu wa leo wangesema kwamba mtu aliye chini ya mzigo wa namna hiyo, kotisoli ikiwa juu siku baada ya siku, hupungukiwa na uwezo wa kusikiliza, kukumbuka na kutazamia mambo ya mbele. Kitabu cha Kutoka kilikwisha kutuambia hivyo kwa maneno yake.

Sasa angalia fungu la 10 na la 11. Watu wamelikataa neno la Bwana. Tungetazamia karipio. Badala yake Mungu anamtuma Musa kwa Farao, amwambie awaache watu waende. Hasemi na masikio yaliyoziba; anasema na yule aliyeyaziba. Katika hadithi hii mwenye kuulizwa juu ya hofu ya watumwa ni mwenye kushika hesabu ya matofali.

Hilo lasumbua, kwa sababu wengi wetu tu watumwa wa mtu fulani na wakati huo huo ni Farao wa mtu mwingine. Karani anayetetemeka mbele ya meneja anatetemesha mlinzi wa geti. Miili yetu haikai peke yake. Kila mmoja anashika kengele za watu wengine mkononi mwake.

Uko mfano kutoka nchini Kenya. Tangu mwaka 1978 Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa akija kwenye mbuga za Mara kuwachunguza nyani, akipima damu yao ili kujua kiasi cha homoni za msongo. Aliona kwamba katika makundi yale madume ya chini, yanayosukumwa na kung'atwa bila sababu na yaliyo juu, huwa na kotisoli nyingi hata siku ambayo hakuna lililotokea. Nyani wa mbugani hana njaa ya kila siku wala hakimbizwi na simba kila saa. Msongo wake mwingi unatoka kwa nyani mwenzake. Katikati ya miaka ya 1980 lilitokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Karibu na hoteli moja ya watalii palikuwa na jalala, na madume makali kuliko yote ya kundi moja yalizoea kwenda kupigania mabaki ya chakula pale. Nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe ikatupwa jalalani. Yaliyokuwa yakienda huko yalikufa, karibu nusu ya madume yote ya kundi. Yakabaki majike na madume yasiyopenda ugomvi.

Kundi lile likabadilika. Vyeo vilibaki, lakini wa juu hawakuwaonea wa chini kama zamani, na wanyama walikaa karibu zaidi na kusafishana manyoya kwa muda mrefu zaidi. Madume ya chini hayakuonyesha tena zile dalili za msongo katika damu. La ajabu zaidi ni kwamba miaka kumi baadaye, ambapo madume yote yaliyokuwapo yalikuwa yamehamia kutoka makundi mengine, desturi ile ya upole iliendelea. Wageni waliingia na ukali wao, wakapokewa kwa namna nyingine, wakajifunza. Sapolsky na mwenzake Lisa Share walilichapisha jambo hilo mwaka 2004.

Nyani hawana dhamiri, na hatuwageuzi kuwa walimu wetu wa maadili. Lakini kuna uchunguzi wa binadamu pia. Kule London, tangu mwaka 1967, watumishi wanaume wa serikali zaidi ya 17,000 walifuatiliwa afya zao. Wote walikuwa na ajira, hakuna aliyekuwa akilala njaa. Hata hivyo wa ngazi ya chini walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara nyingi zaidi kuliko wa ngazi ya juu, na tofauti ilipanda ngazi kwa ngazi. Hata uvutaji wa sigara na shinikizo la damu vilipohesabiwa, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilibaki. Watafiti waliofuata wameonyesha kidole kwenye jambo hili: kiasi ambacho mtu anaweza kuamua mambo ya kazi yake mwenyewe, au hawezi.

Sisi tunaoitunza Sabato tungeweza kuliona hili bila kwenda London. Soma Kutoka 23:12 pamoja na Kumbukumbu la Torati 5:14, 15. Amri haimtazami mtumwa na kumwambia apumzike. Mtumwa hana uwezo huo. Inamtazama mwenye nyumba. Pumziko la mjakazi limewekwa mikononi mwa bwana wake, na sababu inayotolewa katika Kumbukumbu ni kwamba bwana huyo naye aliwahi kuwa mtumwa Misri, yaani anajua mwili ulio chini ya msimamizi unavyojisikia. Basi ni vema kuuliza, bila kuzungukazunguka, habari za binti anayefanya kazi katika nyumba nyingi za washiriki wetu. Ijumaa anakesha akipika na kupiga pasi ili familia iikaribishe Sabato kwa utulivu. Sabato asubuhi anawavisha watoto. Mchana wageni kutoka kanisani wanakuja, na sahani haziendi jikoni zenyewe. Mama mwenye nyumba anashukuru kwa pumziko la kweli. Hatupendi swali hili darasani, kwa sababu mara nyingi binti huyo hayumo darasani kulijibu.

Tumalizie na Eliya, kwa kuwa kila mara hofu inapotajwa jina lake hutajwa. Soma 1 Wafalme 19:1-8. Siku moja kabla ya hapo alisimama Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali, kisha akakimbia mbele ya gari la Ahabu hadi Yezreeli. Sasa ujumbe mmoja wa Yezebeli unamtuma mbio hadi Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake, anakwenda peke yake jangwani mwendo wa siku nzima, analala chini ya mretemu na kuomba afe. Hatuwezi kupima damu ya Eliya, wala si kazi yetu kumwandikia cheti cha ugonjwa. Lakini twaweza kusoma alichofanya malaika. Alimgusa. Alimpa mkate wa moto na maji. Alimwacha alale tena. Akamgusa mara ya pili, akampa tena chakula, na mara hii akataja sababu: kwamba safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Hakusema imani ni ndogo. Maswali yalikuja baadaye, Horebu, yakiwa na sauti ndogo ya utulivu, baada ya chakula na usingizi na mwendo wa siku 40. Na kazi alipopewa tena, alipewa pamoja nayo Elisha, ili asiwe peke yake kama alivyokuwa amejiona.

Kwa mazungumzo ya darasa, someni tena Kutoka 6:9-11, kisha kila mmoja afikirie mtu mmoja anayemfahamu ambaye kwa sasa hawezi kusikia habari njema. Ni nani anayeshika hesabu ya matofali ya mtu huyo? Kama mwenye kushika hesabu ni mshiriki wa kanisa lenu, ni nani kati yenu atakayekwenda kusema naye, na kabla ya Sabato ipi?